SAUNA ANGEMWAMBIA NANI?
Mtoto Aliyesahauliwa katika Uhakiki wa Chozi la Heri

Utangulizi

Mwalimu mwenzangu, nawe mtahiniwa, kabla hujaendelea kusoma makala haya, chukua kalamu uandike sifa tatu za Sauna, mhusika katika riwaya ya Chozi la Heri. Usifungue kitabu. Andika yale yanayokujia kwanza.

Yamkini umeandika kwamba Sauna ni katili, ni mnafiki na ni mwenye tamaa. Ukiongeza kuwa ni mlanguzi wa watoto na kutoa mfano wa Dick na Mwaliko, basi umejipatia alama zako zote. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa kusahihisha na ndivyo nilivyosahihisha kwa muda mrefu. Makala haya yanadhamiria kuonyesha kwamba jibu hilo, ijapokuwa si la uongo, ni nusu ya jibu. Tena ile nusu tunayoiacha ndiyo inayobeba dhamira kuu ya mwandishi kuhusu haki za mtoto.

Nieleze kilichonifanya nibadili mawazo. Mwaka wa 2019 nilikuwa nikifundisha Kidato cha Tatu katika shule moja huku upande wa Utange, Kisauni. Nilitoa zoezi fupi: "Eleza sifa za Sauna. (alama 6)". Msichana mmoja aliandika sifa nne barabara kabisa, kisha chini yake akaongeza sentensi moja: "Lakini Sauna angemwambia nani?" Nilichukua kalamu nyekundu nikaandika pembeni, "Hili si swali." Mwongozo wangu wa kusahihishia haukuwa na hoja kama hiyo, kwa hivyo sikumpa alama.

Muhula haujaisha, mwalimu wa ushauri nasaha akaniita. Ndipo nilipofahamu kwamba swali lile halikumhusu Sauna peke yake. Yaliyokuwa nyumbani kwa msichana yule si yangu kuyasimulia. Litoshe kusema kwamba alisaidiwa, akahamia kwa shangazi yake na akamaliza Kidato cha Nne. Lakini yeye alikuwa amebisha hodi kwenye daftari langu kwanza, nami nikamjibu kwa wino mwekundu.

Orodha ya dhuluma si uhakiki

Chozi la Heri ya Assumpta K. Matei ilitolewa mwaka wa 2014 na ikaanza kutahiniwa katika karatasi ya fasihi ya K.C.S.E. mwaka wa 2018. Vitabu teule vimebadilika tangu hapo, lakini riwaya hii ingali kwenye maktaba za shule zetu na ingali inasomwa. Ni riwaya iliyosheheni watoto walioumizwa. Pete anatahiriwa na kuozwa mume mzee angali mwanafunzi. Rehema anapachikwa mimba na mwalimu wake, Fumba, na mtoto anayezaliwa, Chandachema, analelewa na nyanya yake kisha anaachwa bila mlezi wa kutegemewa. Zohali anapata mimba akiwa shuleni na kuishia kurandaranda mitaani. Mwanaheri na dada yake wanatendewa unyama wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi. Dick anaingizwa katika biashara ya dawa za kulevya.

Kwa sababu ya wingi huu, walimu tumezoea kulifundisha suala la haki za watoto kwa njia ya orodha. Tunaandika ubaoni: ajira ya watoto, ndoa za mapema, ukeketaji, ubakaji, ulanguzi. Mbele ya kila neno tunaweka jina la mhusika. Mwanafunzi anakariri, anaandika, anapata alama. Orodha hiyo ina faida yake katika chumba cha mtihani, nami siibezi. Ila orodha huhesabu majeraha tu. Haituambii kwa nini mtoto mmoja aliyeumizwa anainuka na mwingine anazama. Uhakiki huanza pale tunapouliza swali hilo.

Umu na Sauna

Hebu tuwaweke wahusika wawili bega kwa bega.

Umulkheri, au Umu, anaachwa na mamake, Naomi. Babake, Lunga, anaaga dunia. Kisha kijakazi wao, Sauna, anatoroka na ndugu zake wawili, Dick na Mwaliko. Kwa kipindi kifupi msichana huyu anapoteza wote waliokuwa nguzo zake.

Sauna naye, kabla ya kuingia nyumbani kwa kina Umu, alikuwa binti wa watu. Alinajisiwa na baba yake mlezi, Maya, hadi akashika mimba. Mamake alipogundua, hakumshtaki mume wake. Alimsaidia bintiye kuitoa mimba ile na kumtaka aifiche siri. Sauna aliondoka nyumbani, na mtu aliyempokea huko nje akawa Bi. Kangara, mfanyabiashara wa watoto.

Sasa linganisha. Wote wawili ni watoto waliovunjikiwa na nyumba. Sitadai kwamba hali zao zililingana kwa kila kitu, kwani Umu alizaliwa katika nyumba yenye uwezo na alikuwa amepata malezi mema kabla ya dhoruba. Hata hivyo, tofauti iliyo kubwa zaidi ni ya mtu mzima aliyesimama mlangoni. Umu anampata Bi. Dhahabu, mwalimu anayemwona na kumjali, kisha Apondi na Mwangeka wanaomchukua kuwa mwana wao. Sauna anampata mama anayemnyamazisha, kisha tajiri anayemtumia. Umu anapozungumza, anasikilizwa. Sauna anaambiwa afumbe mdomo, na aliyemwambia ni mzazi wake.

Hapo ndipo dhamira ya riwaya ilipo. Mwandishi hatuambii tu kwamba watoto wanadhulumiwa. Hilo hata magazeti hutuambia. Anatuonyesha kwamba dhuluma ina hatua mbili: kitendo chenyewe, na jibu la mtu mzima anayekuwa wa kwanza kukijua. Maya ndiye aliyetenda, lakini aliyeufunga mlango ni mama. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa uliokuwa nyumbani kwa Maya haukuzibwa, na waliokuja kulipia ukuta ni Dick na Mwaliko, watoto ambao hata hawakumjua Maya.

Dick na Sauna: mizani mbili

Huenda ukapinga, msomaji. Huenda ukasema kwamba kumhurumia Sauna ni kuhalalisha uhalifu wake. Pingamizi hili nimelisikia darasani mara nyingi, na lina uzito. Watoto wawili wa watu waliibwa, mmoja akatiwa kwenye mikono ya mlanguzi wa dawa, mwingine akapelekwa kwa Bi. Kangara. Sauna anastahili kujibu mashtaka, na ni haki kwamba riwaya inamtia mbaroni.

Lakini tazama jinsi tunavyompima Dick. Yeye pia anavunja sheria. Anasafirisha dawa za kulevya kwa muda, dawa zinazoharibu watoto wa wengine. Je, umewahi kumwona mtahiniwa akiandika kwamba Dick ni katili? Sijamwona. Tunaandika kwamba alilazimishwa, kwamba alitishwa, kwamba alikuwa mtoto na hakuwa na la kufanya. Anapojinasua na kujiajiri tunaandika kwamba ni mwenye bidii. Yote hayo ni kweli. Swali langu ni hili: kwa nini mazingira ya Dick yanahesabiwa katika jibu la mtihani, na mazingira ya Sauna hayahesabiwi?

Nadhani jibu ni kwamba tunakutana na Dick angali mtoto, ilhali tunakutana na Sauna akiwa mtu mzima tayari. Utoto wake tunaelezwa baadaye, hukumu tukiwa tumeshaitoa. Hii ni mbinu ya kisengere nyuma, na hapa ina kazi nzito. Msomaji anapewa nafasi ya kumchukia mhusika, kisha anaonyeshwa mtoto aliyekuwa ndani yake. Mwanafunzi anayeandika "kisengere nyuma: historia ya Sauna" bila kueleza mbinu hiyo inamfanya nini msomaji, ametaja tu.

Nani anapewa kikao cha kusimulia?

Kuna jambo jingine la kifani ambalo wahakiki wa darasani hulipita. Shuleni kwa Umu, wasichana wanaketi na kusimuliana maisha yao: Kairu, Mwanaheri, Zohali na Chandachema, kila mmoja kwa zamu yake. Umu anayasikia ya wenzake na kutambua kwamba hayuko peke yake. Masimulizi yenyewe yanakuwa tiba. Shule katika riwaya hii ni mahali pa vitabu, na pia ni mahali ambapo mtoto anapata wa kumwambia.

Sauna hana kikao kama hicho. Historia yake inatolewa na msimulizi kwa ufupi, na yeye mwenyewe hapati sikio la kulisimulia. Mfananishe na Kongowea Mswahili wa Siku Njema, riwaya ya Ken Walibora ya mwaka wa 1996. Kongowea anabaki yatima Tanga, anateswa, anafunga safari kuja Kenya kumtafuta baba. Lakini ana riwaya nzima ya kutusimulia kwa nafsi ya kwanza, na tunampenda kwa sababu tumemsikia. Sauna kapewa aya chache. Huenda mwandishi alikusudia iwe hivyo, ili ukimya aliowekewa na mamake uonekane hata katika umbo la hadithi. Ukiuchukua ukimya huo kama sehemu ya fani, utaona kwamba una maana sawa na maneno.

Udhaifu wa suluhisho

Uhakiki hauwi wa sifa tupu. Kwa maoni yangu, riwaya hii inapungukiwa katika namna inavyowaokoa watoto wake. Umu na Dick wanakutana kwa sadfa katika uwanja wa ndege. Mwaliko, aliyekwisha kuchukuliwa na Mwangemi na Neema, anakutana na ndugu zake kwa sadfa nyingine, katika sherehe ya familia hotelini. Chozi la huzuni linageuka kuwa la heri, na msomaji anafurahi. Ni mwisho wenye ufundi, na unaoana na anwani.

Hata hivyo, mtoto wa Utange hawezi kungojea sadfa. Wala si kila mtoto atampata Apondi mwenye nafasi nyumbani na mwenye uwezo wa kulipa karo. Riwaya inategemea mno wema wa watu binafsi na kuzigusa asasi kwa juujuu. Ni kweli kuna watawa wanaowasaidia wasichana na kituo kinachowahifadhi watoto, lakini mwanafunzi anaweza kuifunga riwaya akiamini kwamba kuokolewa ni bahati. Hapa ndipo mwalimu anapotakiwa kuongeza neno lake.

Riwaya na mazingira yetu

Wanafunzi wa huku hawahitaji kuelezwa kambi ni nini. Utange yenyewe ilikuwa na kambi ya wakimbizi kutoka Somalia mwanzoni mwa miaka ya 1990, na wazee wa mtaa wanaikumbuka. Wanaposoma kuhusu Msitu wa Mamba, hawaoni kitu kigeni. Hawahitaji pia kuelezwa biashara ya miili ya watoto. Hoteli za Shanzu na Bamburi ziko karibu nasi. Mwaka wa 2006, serikali ya Kenya na UNICEF zilitoa ripoti kuhusu jambo hilo katika Pwani, ikikadiria kwamba kati ya wasichana 10,000 na 15,000 walikuwa wakitumiwa kingono mara moja moja katika maeneo ya Malindi, Mombasa, Kilifi na Diani. Wengi hukumbuka watalii wanapoisikia ripoti hiyo. Husahau kwamba zaidi ya theluthi moja ya wateja waliotajwa humo walikuwa Wakenya wenzetu. Bi. Kangara si lazima awe mgeni.

Uchunguzi wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto uliofanywa mwaka wa 2010 ulionyesha kwamba, miongoni mwa vijana wa umri wa miaka 18 hadi 24, wasichana 32 na wavulana 18 katika kila 100 waliwahi kudhulumiwa kingono kabla ya kufikisha miaka 18. Uliporudiwa mwaka wa 2019, idadi ilikuwa imeshuka hadi takriban wasichana 16 na wavulana 6 katika kila 100. Ni hatua njema. Lakini ingia katika darasa la wasichana 50 ukiwa na hesabu hiyo ya pili kichwani. Wasichana wapatao wanane wanaokusikiliza ukieleza "sifa za Sauna" huenda wanajua jambo la Sauna ambalo wewe hulijui. Ukisema tu kwamba ni katili ukafunga kitabu, umewafundisha nini kuhusu wao wenyewe?

Sheria zipo. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima, haki ya kutunzwa na wazazi, na haki ya kulindwa dhidi ya dhuluma, kutelekezwa na mila zenye madhara. Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006 inamkabili Maya. Sheria ya kupambana na ulanguzi wa watu ya 2010 inamkabili Bi. Kangara. Sheria ya kupiga marufuku ukeketaji ya 2011 inawakabili waliomtahiri Pete. Waraka wa Tume ya Kuwaajiri Walimu wa mwaka wa 2010 unamkabili Fumba, na unatutaka sisi walimu tuliojua tusinyamaze. Mwongozo wa kitaifa wa mwaka wa 2020 unampa msichana kama Zohali njia ya kurudi darasani baada ya kujifungua. Sheria ya Watoto ya 2022, iliyochukua nafasi ya ile ya 2001, inamtambua mtoto aliyedhulumiwa kuwa mtoto anayehitaji utunzaji na ulinzi. Kwa lugha ya sheria, basi, Sauna alikuwa mtoto wa aina hiyo siku ile mamake alipomwambia anyamaze.

Kwa hivyo swali la "angemwambia nani" lina majibu, nasi tunapaswa kuyajua kabla ya kuulizwa. Kuna mwalimu wa ushauri nasaha. Kuna afisa wa watoto. Kuna dawati la jinsia katika kituo cha polisi. Kuna nambari ya simu 116, isiyolipishwa. Kwetu Mombasa kuna kituo cha kuwahudumia waathiriwa wa dhuluma za kijinsia katika Hospitali Kuu ya Pwani, ambako mtoto hupata matibabu na ushauri, na inafaa afikishwe mapema, ndani ya saa 72. Mwalimu wa fasihi si askari wala daktari. Kazi yake ni kusikiliza bila kumlaumu mtoto, kutomwahidi siri asiyoweza kuitunza, na kumfikisha kwa anayehusika.

Jinsi ya kujibu

Mtahiniwa, usije ukadhani nakuambia uache mwongozo uandike hisia. Mtahini hutoa alama kwa hoja, mfano na ufafanuzi. Ninachokuambia ni kwamba hoja hii inaweza kuthibitishwa kutoka kitabuni. Chukua swali hili: "Sauna ni mhalifu na pia ni mwathiriwa. Thibitisha kwa kurejelea riwaya ya Chozi la Heri. (alama 20)"

Gawa jibu lako pande mbili. Upande wa uhalifu eleza kuwaiba Dick na Mwaliko, kuusaliti uaminifu wa familia iliyomwajiri, na kushirikiana na Bi. Kangara. Upande wa kuathiriwa eleza kunajisiwa na Maya, mimba iliyotolewa na kufichwa, kunyamazishwa na mzazi, na kutumiwa na Bi. Kangara. Kila hoja iwe na mfano wake na ufafanuzi wake. Kisha hitimisha kwa kuonyesha uhusiano wa pande hizo: upande wa pili ndio uliouzaa wa kwanza, ingawa hauufuti. Hitimisho hilo ndilo litakalomtofautisha aliyesoma na aliyekariri.

Nawe mwalimu, ukiona katika daftari sentensi isiyo na nafasi kwenye mwongozo wako, usiikate kwa haraka. Isome mara ya pili. Mwite aliyeiandika, umuulize kwa upole, "Ulikuwa unamaanisha nini hapa, mwanangu?" Huenda akakujibu kwamba alikuwa akihakiki tu. Vema, mmejadili fasihi. Huenda pia akanyamaza, akatazama chini. Hapo funga mwongozo na umpe nafasi.

Tamati

Nimeeleza kwamba Chozi la Heri haihesabu tu majeraha ya watoto, bali inatuonyesha uzito wa mtu mzima wa kwanza kuyajua majeraha hayo. Umu alimpata wa kumsikiliza, Sauna hakumpata, na riwaya nzima inazunguka kwenye tofauti hiyo. Nimeonyesha pia kwamba suluhisho la mwandishi linaegemea sadfa, na kwamba pengo hilo linajazwa na sheria tunazozijua na masikio tuliyo nayo.

Zoezi lile la mwaka wa 2019 bado ninalo, kwani yule msichana hakuja kulichukua daftari lake. Nikifika kwa Sauna na darasa jipya, huanza kwa kuliandika swali lake ubaoni. Sasa lina alama.